Ugavi wa mali baada ya talaka: Mizani ya mahakama na jasho lisilo na risiti

NDOA inapovunjika, wahusika hufika mahakamani wakiwa na maswali mawili. La kwanza ni iwapo watapewa talaka. La pili ni nani atabaki na nyumba, shamba, ploti na biashara waliyoianzisha pamoja. Aghalabu hili la pili ndilo huwamaliza watu nguvu, pesa na hata udugu.

Suala hili limekuwa gumzo nchini tangu Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi katika kesi inayotambulika kwa herufi za majina ya wahusika pekee, JOO dhidi ya MBO. Kwa kuwa mke katika kesi hiyo aliondoka na nusu ya mali, wapo walioamini kwamba kuanzia siku hiyo kila talaka ingekuwa na hesabu rahisi ya nusu kwa nusu. Wengine nao walishika sehemu nyingine ya uamuzi huo huo, inayosema kila mtu apate kulingana na alichochangia, wakahitimisha kwamba mke asiye na mshahara hana lake.

Tafsiri zote mbili zinapotosha. Mahakama ya Juu haikuweka kanuni ya nusu kwa nusu, wala haikumtupa nje mke wa nyumbani. Ilisema kwamba usawa wa wanandoa ni haki ya kikatiba, kisha ikamtaka kila mmoja wao athibitishe mchango wake. Ni katika neno hilo, kuthibitisha, ambamo haki ya wengi hupatikana au kupotea, na ndilo makala haya yanalenga kulichunguza.

Ili kuelewa tulikofika, hatuna budi kurejea tulikotoka.

Sheria ya enzi ya Malkia Victoria

Kwa miaka 50 baada ya uhuru, Kenya haikuwa na sheria yake yenyewe kuhusu mali ya wanandoa. Mahakama zilitegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 iliyohusu mali ya wanawake walioolewa, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba sheria hiyo ilikuwa na nguvu humu nchini.

Sheria hiyo ilikuwa ya maana kubwa ilipotungwa, maana ilimwezesha mke kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe. Hata hivyo, haikutungwa kwa ajili ya kugawa mali baada ya talaka. Kifungu chake cha 17 kilimpa jaji uwezo wa kutatua mzozo wa umiliki baina ya mume na mke, na swali lililomkabili lilikuwa moja tu: mali hii ni ya nani? Swali la iwapo ugavi wenyewe ni wa haki halikuwamo.

Majaji wa Kenya walijitahidi kuipanua. Mwaka 1976, katika kesi ya Karanja, Mahakama Kuu ilikubali kwamba mke mwenye mshahara anayetumia pesa zake kulisha na kusomesha familia anachangia ununuzi wa mali, hata kama hati zote zina jina la mumewe. Mwaka 1991, Mahakama ya Rufaa ilipoamua kesi ya Kivuitu, iligawa sawa kwa sawa nyumba iliyosajiliwa kwa majina ya mume na mke, na lugha ya uamuzi huo ikawapa matumaini wanawake ambao mchango wao ulikuwa wa kazi za nyumbani.

Matumaini hayo yalikatizwa mwaka 2007. Jopo la majaji watano wa Mahakama ya Rufaa liliketi kusikiliza kesi ya Echaria, iliyomhusu mwanadiplomasia na aliyekuwa mkewe. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke nusu ya shamba lililozozaniwa. Majaji hao wakaipunguza hadi robo. Walisema kwamba chini ya sheria ya 1882 mchango unaotambulika ni wa kifedha, uwe wa moja kwa moja au la. Kuwa mke wa balozi, kumfuata katika vituo vyake vya kazi, kuwakirimu wageni wake na kuwalea watoto wake, hayo hayakuwa na uzito wa kumpa mtu sehemu ya ardhi.

Majaji hao hawakuufurahia mkono uliowafunga. Katika uamuzi huo huo walisikitika kwamba taifa lilikuwa bado limefungwa na sheria ya kigeni yenye umri wa miaka 125, ambayo Waingereza wenyewe walikwisha kuiona kuwa na kasoro zaidi ya miaka 30 awali. Ulikuwa ujumbe wa wazi kwa Bunge.

Katiba yaja, Bunge larudi nyuma

Katiba iliyoidhinishwa na wananchi mwaka 2010 ilibadilisha msingi wa mjadala. Kifungu cha 45(3) kinasema kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa na ndoa inapovunjika. Kifungu cha 68 nacho kililiagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda mali ya ndoa, hususan nyumba ya familia.

Mswada ulipofika Bungeni mwaka 2013, ulipendekeza mali hiyo igawanywe kwa usawa. Wabunge wakaliondoa pendekezo hilo na badala yake wakaweka kigezo cha mchango. Kwa hivyo Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, kinasema kwamba umiliki hufuata mchango wa kila mmoja katika kupata mali hiyo, na kwamba mali itagawanywa wakiachana.

Hata baada ya kupunguzwa makali, sheria hiyo ilileta mabadiliko makubwa kuliko wengi wanavyojua. Kwanza, iliifuta ile ya 1882. Pili, ilitoa maana mpya ya mchango. Mbali na pesa, sheria inatambua kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba, malezi ya watoto, uandamani wa wanandoa wenyewe, usimamizi wa biashara au mali ya familia, na kazi ya shambani. Yale ambayo mwaka 2007 hayakuwa na uzito mbele ya majaji, sasa yameandikwa katika sheria.

Tatu, ilieleza mali ya ndoa ni ipi. Ni nyumba ya familia, au nyumba zake. Vyombo na samani zilizomo. Na mali nyingine yoyote inayomilikiwa kwa pamoja iliyopatikana wakati wa ndoa. Mali ambayo mtu alikuwa nayo au aliirithi kabla ya kuoana haimo. Hili huwafariji wanaohofia kwamba mtu anaweza kuingia katika ndoa leo na kutoka mwezi ujao akiwa na nusu ya shamba la mababu. Hata hivyo, mwenzi aliyesaidia kuiboresha mali ya aina hiyo, kwa mfano kwa kujenga nyumba au kupanda kahawa, anaweza kudai sehemu inayolingana na alichokiongeza.

Nne, sheria iliweka dhana za kuanzia. Kifungu cha 14 kinasema kwamba mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mume au mke pekee huchukuliwa kwamba mwenye jina anaishikilia pia kwa niaba ya mwenzake. Ikiwa majina ni mawili, huchukuliwa kwamba wanaimiliki sawa. Dhana zote mbili zinaweza kukanushwa kwa ushahidi.

Kuna mengine mawili ya kustaajabisha katika sheria hii. Madeni yaliyochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hubebwa na mume na mke kwa usawa. Ina maana kwamba deni hugawanywa nusu kwa nusu, ilhali nyumba iliyojengwa kwa deni hilo hugawanywa kwa mchango. Tena, katika ndoa za wake wengi, mali aliyoipata mume pamoja na mke wa kwanza kabla ya kuoa wa pili hubaki ya wawili hao kwa usawa. Neno "usawa" lililoondolewa katika ndoa ya mke mmoja lilibaki katika ndoa ya mitala.

Mwaka 2016, mawakili wanawake chini ya FIDA-Kenya walikwenda Mahakama Kuu wakitaka Kifungu cha 7 kitangazwe kuwa kinyume cha Katiba. Jaji John Mativo alilitupa ombi hilo Mei 2018. Alisema usawa wa Kifungu cha 45(3) haumaanishi kumpa kila mmoja nusu bila kujali alichofanya, kwani hilo lingefungua mlango kwa watu kuingia katika ndoa na kutoka na zaidi ya wanachostahili.

Hoja hiyo ina mashiko. Wapo wanandoa, wa kiume na wa kike, wanaotapanya mapato ya familia huku mwenzao akijinyima. Kumpa mtapanyaji nusu ya kila kitu kwa sababu tu jina lake limo katika cheti cha ndoa si haki kwa aliyejinyima. Na sheria haibagui jinsia: mume aliyebaki nyumbani kulea watoto ili mkewe afanye kazi ana haki zile zile.

Kesi moja, hesabu tatu

Hebu sasa turejee katika kesi ya JOO dhidi ya MBO. Mali iliyozozaniwa ilikuwa mtaani Tassia, Nairobi, ikiwa na nyumba ya familia pamoja na nyumba za kukodisha. Hati zilikuwa kwa jina la mume. Mke alidai kwamba alichangia kwa mapato yake na pia kwa kuitunza familia; mume akasema yeye ndiye aliyenunua na kujenga.

Mahakama Kuu ilimpa mke asilimia 30 ya nyumba ya familia na asilimia 20 ya nyumba za kukodisha. Mahakama ya Rufaa ikazifuta hesabu hizo na kuamuru ugavi wa nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ikaafikiana na Mahakama ya Rufaa.

Majaji wa Mahakama ya Juu walieleza mambo matatu. Sheria ya 2013 haiwezi kurudi nyuma na kutumika katika kesi zilizofunguliwa kabla yake, kwa hivyo kesi hiyo iliamuliwa kwa sheria ya 1882 ikisomwa pamoja na Katiba. Pili, Kifungu cha 45(3) hakimpi mtu nusu ya mali moja kwa moja kwa sababu ya kuwa katika ndoa. Mahakama hutazama kila kesi na ushahidi wake. Tatu, mchango usio wa fedha ni mchango kamili. Baada ya kuupima ushahidi, waliridhika kwamba mke huyo alikuwa amechangia vya kutosha kustahili nusu.

Msomaji makini atajiuliza: ikiwa ushahidi ni ule ule, iweje mahakama moja iseme asilimia 20 na nyingine iseme 50? Jibu ni kwamba hakuna mizani iliyoandikwa popote. Sheria inamwambia jaji apime kazi za nyumbani na malezi ya watoto, lakini haimwambii zina uzito gani zikiwekwa kando ya mkopo wa benki. Kila jaji huja na kibaba chake.

Tofauti hiyo si ya karatasini tu. Asilimia 20 ya nyumba za kukodisha na nusu ya nyumba hizo ni tofauti ya mtu kuanza upya akiwa na paa juu ya kichwa chake, au kurudi kwao akiwa na umri wa miaka 50 kuomba pa kulala. Isitoshe, kesi hiyo ilifunguliwa kabla ya sheria mpya kuanza kutumika na ikamalizika mwaka 2023. Mke huyo alisubiri si chini ya miaka tisa kujua hesabu iliyo sahihi, na wengi hawana uwezo wa kugharamia safari ya mahakama tatu.

Pesa zinazoliwa na pesa zinazobaki

Ugumu wa ushahidi unaonekana vyema tukitazama maisha ya kawaida. Tuchukue mfano wa mume na mke, wote wakiwa na mishahara. Mume anachukua mkopo katika chama chake cha akiba na mikopo, anakatwa kila mwezi, ananunua ploti. Mke ananunua unga, mafuta na sukari, analipa karo, anawapeleka watoto hospitalini na kuwanunulia sare za shule.

Baada ya miaka 15, mume ana hatimiliki na taarifa za mkopo zinazoonyesha kila shilingi aliyolipa. Mke ana watoto waliosoma. Pesa zake ziliingia katika vitu vinavyoliwa na kuisha, ilhali za mwenzake ziliingia katika kitu kinachobaki na kupanda bei. Lakini kama mke angekataa kununua unga, mume hangeweza kukatwa mkopo huo. Ploti ile ilinunuliwa kwa mishahara miwili, ingawa hati zinasimulia habari ya mmoja.

Hali ni ngumu zaidi kwa asiye na mshahara. Katika maeneo yanayokuza majani chai, ni kawaida mke kuamka alfajiri kuchuma na kubeba hadi kituo cha kununulia, lakini malipo na bonasi huingia katika akaunti ya yule ambaye jina lake limesajiliwa kiwandani, na mara nyingi huyo ni mume. Anayehudumia ng'ombe na kuuza maziwa kwa majirani hana vocha. Anayelea watoto wanne hapewi hati ya malipo mwisho wa mwezi. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa watu hawa msemo huo si mzaha.

Baadhi ya majaji wameliona hili. Mwaka 2021, Jaji Teresia Matheka, akiwa katika Mahakama Kuu ya Nakuru, alieleza kwamba kazi ya mama wa nyumbani inafaa kuhesabiwa kuwa kazi kamili, kwani familia isingekuwa naye ingelazimika kumlipa mtu kuifanya. Huo ni mwanzo mwema wa kipimo: badala ya kuuliza risiti iko wapi, jaji anauliza ni nani angefanya kazi hii na angelipwa nini.

Hapa ndipo Kifungu cha 14 kinapostahili kutumiwa kwa nguvu zaidi. Ikiwa sheria inachukulia kwamba mwenye jina katika hati anaishikilia mali pia kwa niaba ya mwenzake, basi ni busara mzigo wa kukanusha uwe juu ya yule mwenye hati. Yeye ndiye mwenye makaratasi. Aonyeshe, kwa mfano, kwamba mali hiyo aliipata kabla ya ndoa, au kwamba mwenzake hakuchangia lolote, wala kwa pesa wala kwa kazi. Kumwanzisha mke katika sufuri na kumtaka apande hadi kwenye nusu kwa risiti ambazo hakuna mtu huziweka ni kuisoma sheria kinyumenyume.

Mazingatio haya hayaondoi kanuni ya mchango. Yanauliza tu ni nani atangulie kujieleza. Katika kesi za madai, jaji hahitaji kuondolewa kila chembe ya shaka. Inatosha aone kwamba jambo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Ushuhuda wa jirani, wa mwalimu wa shule walikosoma watoto, wa karani wa kituo cha majani chai na hata wa watoto wenyewe waliokwisha kukomaa unaweza kujenga picha kamili ya miaka 20 ya kazi. Jumbe za M-Pesa za karo na kodi ya nyumba nazo ni ushahidi.

Funzo la jirani

Si Kenya pekee iliyokabiliwa na swali hili. Jirani zetu wa Tanzania walilijibu mapema zaidi. Sheria yao ya Ndoa ya 1971, katika Kifungu cha 114, iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za wanandoa. Mwaka 1983, Mahakama ya Rufaa ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni sehemu ya juhudi hizo.

Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amekwisha kumpa pesa za maendeleo yao, naye akazitumia vibaya. Kesi hiyo inatufunza kwamba kutambua kazi za nyumbani hakumlazimishi jaji kufumba macho asione mwenendo wa mdai. Inawezekana kumheshimu mama wa nyumbani na bado kumkatalia aliyefuja. Wanaodai kwamba kigezo kinachomjali mke kitawapunja waume wajikumbushe habari hiyo.

Wasio na cheti

Wapo Wakenya wengi ambao sheria ya 2013 haiwagusi kabisa, nao ni wale wanaoishi pamoja bila ndoa rasmi, maarufu kama kam-wi-stei. Siku ile ile ya Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi nyingine, MNK dhidi ya POM, iliyowahusu watu wawili walioishi pamoja kwa miaka mingi. Ilibainika kwamba mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine ambayo haikuwa imevunjwa, hivyo mahakama ikakataa kuwachukulia kuwa mume na mke.

Lakini haikuwaacha wang'ang'anie mali wenyewe. Majaji walisema kwamba wote wawili walichangia kuipata na kuiendeleza, na kwa msingi wa haki hiyo wakampa mwanamke asilimia 70 na mwanamume 30. Vilevile walilihimiza Bunge litunge sheria kuhusu wanaoishi pamoja bila kuoana. Njia hiyo ya wokovu ni nyembamba, nayo inadai ushahidi mwingi zaidi. Anayeitegemea badala ya kuhalalisha ndoa yake anacheza bahati nasibu.

Kwa Waislamu, sheria ya 2013 inaruhusu masuala haya yaongozwe na sheria ya Kiislamu, na Katiba inawapa Makadhi mamlaka katika mambo ya ndoa na talaka iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikilizwa huko.

Kinachoweza kufanyika

Upungufu uliopo unaweza kurekebishwa bila kusubiri Katiba nyingine. Mosi, majaji waeleze hesabu zao. Uamuzi unaosema "mke apewe asilimia 30" bila kueleza malezi ya watoto yamehesabiwa vipi na kazi ya shamba vipi, hauwasaidii wanaofuata. Uamuzi unaoeleza humsaidia wakili kumshauri mteja wake, na huwasaidia wanandoa kukubaliana nje ya mahakama.

Pili, Bunge liorodheshe mambo ya kuzingatiwa na jaji: urefu wa ndoa, umri na afya ya wahusika, nafasi za kazi alizoziacha mmoja ili kulea familia, na ni nani atabaki na watoto. Ndoa ya miaka miwili haiwezi kupimwa sawa na ya miaka 30. Wakati huo huo, wabunge watazame upya kasoro ile ya deni kugawanywa sawa na mali kugawanywa kwa mchango.

Tatu, upatanishi uliounganishwa na mahakama, ulioanza mwaka 2016 katika mahakama za Milimani, utumike zaidi. Mzozo wa nyumba moja na ploti mbili hauna sababu ya kuchukua muongo mzima.

Wanandoa nao wana wajibu wao. Ardhi inayonunuliwa kwa jasho la wawili isajiliwe kwa majina mawili. Hapo sheria inaanza kwa kuwachukulia kuwa sawa, na ubishi mwingi unaisha kabla haujaanza. Mwenye shaka kwamba nyumba ya familia inataka kuuzwa kisirisiri afahamu kwamba, katika ndoa ya mke mmoja, sheria inadai idhini ya wote wawili kabla ya mali ya ndoa kuuzwa, na anaweza kuomba kizuizi kiwekwe katika sajili ya ardhi. Si lazima asubiri talaka. Mahakama inaweza kutamka haki za kila mmoja hata ndoa ikiwa bado ipo, ingawa kugawa mali husubiri hadi ivunjike. Wanaotaka kuoana nao wanaruhusiwa kuandikiana mkataba wa mali mapema, mradi usiwe wa hila, wa kulazimishana au wa kumdhulumu mmoja wao.

Wengi huona haya kuyazungumza mambo haya wakati mapenzi yangali motomoto. Wanadhani kuweka kumbukumbu ni kutabiri talaka. Kumbe daftari lililotunzwa vyema humlinda pia mjane dhidi ya mashemeji, na humlinda mume mwaminifu dhidi ya madai ya uongo.

Wahenga walisema Mgala muue na haki yake mpe. Mahakama haina uwezo wa kuwarudishia watu mapenzi yaliyokwisha, wala hatuiombi ifanye hivyo. Inachoweza ni kuhakikisha kwamba aliyeamka alfajiri kwa miaka 20 haondoki mikono mitupu eti kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandikia risiti.